Kuoa, Kuolewa na Ukurasa wa Kwanza: Jinsia ya Hildy Johnson Katika Kiswahili cha Nchi ya Chai

Katika vyumba vya mihadhara husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina jinsia. Ushahidi unaotolewa ni ule ule: kiwakilishi yeye humtaja mwanamume na mwanamke bila kubagua, kiambishi a- cha nafsi ya tatu hufanya vivyo hivyo, na kiambishi cha yambwa -m- pamoja na kimilikishi -ake havina habari zaidi ya hizo. Kauli hii ni kweli kwa kiasi chake, nayo imezaa kauli ya pili isiyo na msingi imara: kwamba hadithi ambayo kiini chake ni tofauti ya mwanamume na mwanamke hapana budi ipoteze kitu inapoingizwa katika Kiswahili. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo ya pili kwa kutumia filamu moja ya Kimarekani, His Girl Friday ya mwaka 1940, na kwa kuitazama kutoka Kericho na Bomet, nchi ya chai, ambako Kiswahili huzungumzwa ubavuni mwa Kikipsigis na ambako majina ya watu yana sarufi yake.

Filamu hiyo yafaa kwa kazi hii kwa sababu ya pekee. Mhusika wake mkuu alizaliwa mwanamume; mwongozaji akamgeuza mwanamke; na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ya kazini ikabaki kama ilivyokuwa.

Asili ya hadithi

Mwanzo wake ni mchezo wa jukwaani uitwao The Front Page, yaani Ukurasa wa Kwanza, ulioandikwa na Ben Hecht na Charles MacArthur, watu wawili waliokuwa wamefanya kazi katika magazeti ya Chicago. Ulionyeshwa Broadway, New York, mwezi wa Agosti 1928. Mahali pake ni chumba kimoja tu: chumba cha waandishi wa habari katika jengo la mahakama ya jinai, ambamo sauti za jukwaa la kunyongea linalojaribiwa huingia kwa dirishani. Waandishi wanacheza karata, wanapiga simu, wanangoja mtu anyongwe asubuhi. Mtu huyo ni Earl Williams, aliyemwua polisi. Meya na sherifu wanataka anyongwe bila kuchelewa, maana uchaguzi u karibu na kura zinahitajiwa. Hildebrand Johnson, ripota hodari ambaye wenzake humwita Hildy kwa mkato, ameacha kazi. Anakwenda New York pamoja na mchumba wake Peggy na mama wa mchumba. Mhariri wake, Walter Burns, hataki aende. Williams anatoroka, anaangukia mikononi mwa Hildy, anafichwa ndani ya meza ya kuandikia yenye kifuniko cha kukunja, na tangu hapo Hildy hana tena nafasi ya kukumbuka tikiti wala mchumba.

Lewis Milestone aliutengenezea mchezo huo filamu mwaka 1931, Pat O'Brien akiwa Hildy na Adolphe Menjou akiwa Walter. Kisha akaja Howard Hawks. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja alimpa mwanamke asome maneno ya ripota huku yeye akisoma ya mhariri, akagundua kwamba maneno yale yalipendeza zaidi katika kinywa cha mwanamke. Akamwagiza Charles Lederer aandike upya. Lederer aliongeza jambo moja zito: kwamba Walter na Hildy walikuwa mume na mke na sasa wametalikiana. Hildebrand akawa Hildegard, Peggy akawa Bruce Baldwin, mtu wa bima kutoka Albany, na mama wa Peggy akawa mama wa Bruce. Cary Grant aliigiza Walter, Rosalind Russell akaigiza Hildy, na Ralph Bellamy akawa Bruce. Kampuni ya Columbia iliitoa filamu hiyo Januari 1940. Mwaka 1974 Billy Wilder alirudia hadithi na kumrudisha Hildy katika uanaume, safari hii akiwa Jack Lemmon, huku Walter Matthau akiwa mhariri.

Kwa hiyo mtafiti anazo filamu tatu za hadithi moja, mbili za Hildy mwanamume na moja ya Hildy mwanamke. Ni jaribio la kiisimu ambalo hakuna idara ya lugha ingeweza kuligharimia.

Yale ambayo Kiswahili hakihitaji kubadili

Tuchukue sentensi chache za muhtasari, za aina ambayo mtafsiri angeziandika kwa filamu yoyote kati ya hizo tatu: Hildy ameacha kazi. Amemwambia mhariri wake kwamba hatarudi tena. Tikiti yake imo mfukoni na gari la moshi linaondoka jioni. Mtafuteni, mmwambie Burns anamtaka. Kwa Kiingereza, takriban kila moja ya sentensi hizi hudai kurekebishwa Hildy anapokuwa mwanamke. Kwa Kiswahili hakuna herufi inayoguswa. Mtu akizisoma bila kuona picha, hana njia ya kujua kama anasomewa habari za mwaka 1931 au za 1940.

Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya kazi. Mwandishi, mhariri, mwanahabari, ripota: yote hayataji jinsia, kama vile katika shamba la chai maneno mchumaji, karani na nyapara yasivyoitaja. Nyapara anaweza kuwa baba wa watu au mama wa watu, na mtu wa Kericho aambiwaye kwamba nyapara anamwita hutambua kwa kujua nyapara wa sehemu ile ni nani, si kwa sarufi.

Hapa, lakini, kuna hasara ya kweli, nayo haifai kufichwa. Neno la Kiingereza litumiwalo kwa mtu wa magazeti lina mwanamume ndani yake. Walter anamwambia Hildy kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo. Hildy anajibu kwamba ndiyo sababu ya kuacha kazi, anataka kwenda mahali ambapo ataweza kuwa mwanamke. Mzaha wote umo katika neno hilo moja. Mtafsiri akiandika "wewe ni mwandishi wa habari", amesema kweli na ameua mzaha, kwa kuwa katika mwandishi hakuna mwanamume wa kukimbiwa.

Dawa ipo, nayo ni neno bwana. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya, bwana mwishoni mwa usemi limekwisha kuacha maana yake ya heshima; huambiwa rafiki, mtoto, hata mwanamke, na mwanamke humwambia mwenzake. "Wacha maneno, bwana." Wakati huo huo, katika nyumba, bwana bado ni mume. Walter akimwita Hildy bwana, anamhesabu kuwa mmoja wa wanaume wa chumba kile, kama ilivyo katika filamu; lakini pia anampachika neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiitwa kwalo na hana tena haki nalo. Hildy anaweza kumjibu kwamba bwana amwitaye hayupo, alikwenda na hati ya talaka. Mzaha huu si wa Lederer. Ni wa Kiswahili, na umekaa mahali pale pale pa mzaha uliopotea.

Yale ambayo Kiswahili hulazimika kubadili

Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inaonyesha kwamba oa hutumika kwa upande wa mwanamume na olewa kwa upande wa mwanamke. (Johnson huyu hana udugu na Hildy, ingawa kamusi yake na filamu zilitokea kwa kukaribiana.) Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua kanuni hiyo kabla hajajua kusoma. Kiingereza, kinyume chake, kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Hildy wa 1928 na Hildy wa 1940 wanatangaza nia yao kwa neno lile lile, na mwandishi wa filamu hakuwa na sababu ya kuligusa. Kwa Kiswahili, Hildy wa kwanza anakwenda kuoa na wa pili anakwenda kuolewa.

Hivyo basi hali imegeuka. Pale Kiingereza kinapolazimika kubadili, yaani katika viwakilishi, Kiswahili kimenyamaza; na pale Kiingereza kinapokaa kimya, yaani katika kitenzi cha ndoa, Kiswahili kinasema kwa sauti. Jinsia haikukosekana katika lugha hii. Iliwekwa penginepo.

Mahali ilipowekwa ni pazito. Olewa ni kauli ya kutendwa. Hildy mwanamume ni mtenda katika vitenzi vyake vyote: anaandika, anapiga simu, anaficha mtu, anaoa. Hildy mwanamke ni mtenda vilevile, na Russell anamwigiza kwa kasi ambayo haimwachii mtu yeyote amtende lolote. Anamfukuza mlinzi wa gereza mbio, anamwangusha chini kwa kumrukia miguuni, anamtoa habari, anaiandika. Kisha kinakuja kitenzi kimoja ambacho katika Kiswahili kinamweka upande wa kutendwa. Mtazamaji wa Kiingereza anaelewa kwa kufikiri kwamba ndoa ya Albany haimfai mwanamke huyu. Msikilizaji wa Kiswahili analisikia jambo hilo katika kiambishi.

Mtazameni na Bruce. Mtu huyu mpole wa bima, mwenye mwavuli na viatu vya mvua, anaibiwa pochi, anasingiziwa wizi wa saa, anakamatwa, anadhaminiwa, anakamatwa tena kwa kisa cha mwanamke, anapewa noti bandia na kufungwa kwa ajili yake. Vitenzi vyake karibu vyote ni vya kutendwa. Na yeye ndiye anayeoa. Mwenye kutenda yote anaolewa, na mwenye kutendwa yote anaoa. Ni shaka kama Lederer angeweza kuichora filamu yake kwa mistari miwili iliyo wazi kuliko hiyo, na Kiswahili humpa mtafsiri mistari hiyo bila malipo. Yule anayekimbilia kufunga ndoa kwa kuogopa kubagua jinsia anaitupa zawadi hiyo. Neno hilo ni safi, ni la ofisi ya serikali, na katika filamu hii linastahili kinywa cha Bruce peke yake.

Talaka ina taabu yake. Kwa mazoea, mume huacha na mke huachwa, na mtalaka aghalabu ni mwanamke. Katika filamu, Hildy ndiye aliyekwenda kudai talaka, na Walter alijaribu kuizuia hata kwa kukodi ndege imwandikie ujumbe angani. Mtafsiri asiyetahadhari ataandika kwamba Walter alimwacha Hildy, kwa kuwa ndivyo ulimi ulivyozoea, na papo hapo hadithi itavunjika: mtu aliyeacha hana sababu ya kufukuzia. Hapana budi iandikwe kwamba Hildy alimwacha Walter, au kwamba alidai talaka mahakamani akapewa. Kwa mwanamume aliyeachwa, Kiswahili hakina jina lililo tayari. Walter atabaki "aliyekuwa mumewe", maneno mawili marefu yasiyokaa raha, na pengine ndivyo anavyostahili.

Lakini kwa azma yake kipo kitenzi kinachomtosha kabisa. Walter anataka kumrudisha Hildy. Kumrudisha wapi? Gazetini au nyumbani? Walter hatofautishi, na filamu nzima inasimama juu ya kutotofautisha huko. Kiingereza hukizungukia jambo hili kwa vitendo na macho ya Grant. Kiswahili kina rudi na rudisha, vinavyotumika kwa mfanyakazi aliyeacha kazi na kwa mke aliyetoka. Neno moja, nalo latosha.

Inafaa kuongeza neno kuhusu nchi ya chai yenyewe. Miongoni mwa Wakipsigis, kama miongoni mwa Wanandi, ipo desturi ya kale ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili nyumba ipate mrithi. Mwoaji hutoa mahari na huhesabiwa kuwa mume. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi ya familia ya Kinandi. Kwa hiyo huko Kericho na Bomet, mwanamke kuwa mtenda wa kitenzi oa si kosa la sarufi, bali ni kauli yenye maana mahsusi, na mtu wa Pwani aisikiapo kwa mara ya kwanza hufikiri msemaji amekosea Kiswahili. Hajakosea. Ametumia mgawanyo uliomo katika Kiswahili, oa kwa anayeshika nafasi ya mume na olewa kwa anayeshika nafasi ya mke, na kuonyesha kwamba nafasi na umbo la mwili ni vitu viwili. Hildy wa Russell, ambaye katika ofisi anashika nafasi iliyoandikiwa mwanamume, angefahamika huko pasipo maelezo mengi.

Kipkoech, Chepkoech, Koech

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920, na wafanyakazi wakaja kutoka pande nyingi: Wagusii, Wajaluo, Waluhya pamoja na Wakipsigis wenyeji. Kiswahili kikawa lugha ya kazi kati yao. Bomet ilitengwa na Kericho kuwa wilaya mwaka 1992, na tangu 2013 kila moja ni kaunti. Lakini kwa habari ya lugha na ya chai ni nchi moja. Katika Kikipsigis, kama katika Kiswahili, nafsi ya tatu haitaji jinsia. Jinsia hutajwa kwenye jina. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mapambazuko ni Kipkoech akiwa wa kiume na Chepkoech akiwa wa kike. Wa mchana ni Kibet au Chebet. Wa mvua ni Kiprop au Cherop. Mzizi hueleza saa au tukio, na kiambishi cha mbele hueleza kama aliyezaliwa ni mvulana au msichana.

Kutoka Hildebrand kwenda Hildegard ni hatua ya namna hiyo hiyo, ila mpangilio umepinduliwa. Katika majina hayo ya Kijerumani sehemu ya mbele ni moja kwa wote, nayo ina maana ya vita, na sehemu ya nyuma ndiyo inayotenga. Jina la mkato Hildy limekata mkia unaotenga na kubakiza kichwa cha wote. Ndiyo maana Hawks hakuhitaji kulibadili: wenzake wa chumba cha habari wanaliita jina lisilosema lolote juu ya uke au uume wake.

Mtafsiri wa Kericho ana kifaa sawasawa na hicho. Jina la Kikipsigis likikatwa kichwa, hubaki Koech, Bett, Rono, Korir, Langat, Rotich. Kwa asili majina haya hufuata neno arap, mwana wa, naye arap Koech ni mwana wa Kipkoech. Lakini katika shule, ofisi na magazeti, yamekuwa majina ya ukoo yanayochukuliwa na wana wa kiume na wa kike. "Koech yuko wapi?" ni swali lisilobagua. Katika tafsiri inayothubutu kuyahamisha majina, Hildy angekuwa Koech kwa Walter na kwa waandishi wote, na Chepkoech kwa Bruce peke yake. Katika filamu Bruce humwita Hildy kama wengine, kwa hiyo hii ni nyongeza, na wako watakaoipinga kwa haki. Hata hivyo ni nyongeza inayosema kwa silabi moja kile ambacho Bruce anakisema kwa kila tendo: anataka kumrudishia mwanamke huyu kiambishi chake.

Kanuni ya Kip- na Chep- haikosi vighairi. Gavana wa kwanza wa Kericho, aliyeshika madaraka kuanzia 2013 hadi 2022, aliitwa Paul Chepkwony, na Cheruiyot ni jina la kiume linalojulikana sana. Kwa upande wa pili, bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 1500 wa 2016, 2021 na 2024 ni Faith Chepng'etich Kipyegon. Magazeti humwita Kipyegon. Msomaji asiyemjua, akisoma katika gazeti la Kiswahili kwamba Kipyegon ameshinda na kwamba amevunja rekodi yake mwenyewe, anaweza kufika mwisho wa habari akiwa na picha ya mwanamume kichwani. Jina limempotosha na kiambishi a- hakikumsaidia.

Hapo suala linatoka katika vichekesho. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza filamu ya uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walieleza waliyotendewa na wasimamizi wao. Mwandishi aliyekusanya ushahidi alijifanya mtafuta kazi. Iandikwe kwa Kiswahili: "Mwandishi alijifanya mtafuta kazi, msimamizi akamwita faraghani." Sentensi ni sahihi, na imeficha jambo lile lile ambalo habari yote inalihusu. Mhariri anayejua kazi yake ataongeza "wa kike" na "mwanamume" hata kama anaona maneno hayo yanarefusha. Kuna nyakati ukimya wa Kiswahili juu ya jinsia ni adabu, na kuna nyakati unamkinga asiyestahili kukingwa.

Kuhusu jina la filamu yenyewe, Kiswahili kina bahati isiyotarajiwa. Friday ya Kiingereza inatoka kwa mtumishi wa Robinson Crusoe, aliyepewa jina la siku aliyopatikana. Kuitafsiri kwa Ijumaa kunaleta adhana mahali isipoitwa. Lakini Pwani aliyezaliwa siku hiyo ni Juma, na wa kike ni Mwanajuma. Kiambishi cha mbele kinatenga, kama Kip- na Chep-. Mwanajuma Wake lingekuwa jina zuri la filamu hii. Utumishi wa kisiwani unapotea, ni kweli. Si hasara kubwa, kwa sababu katika filamu Hildy si mtumishi wa mtu, na jina la Kiingereza lilimdhulumu tangu mwanzo.

Mwendo wa maneno

Filamu hii inasifika kwa kasi. Hutajwa kuwa mazungumzo yake hufikia maneno 240 kwa dakika. Kipimo hicho hakifai kwa Kiswahili. Nimekwishamwambia ni neno moja, ambalo Kiingereza hulitolea maneno matano. Lakini silabi ni saba kwa saba. Anayedai kwamba Kiswahili ni kizito mno kwa mazungumzo ya namna hii amehesabu kitu kisicho chake.

Shida ya kweli iko kwenye mwingiliano. Hawks alitaka wahusika wasemezane kwa kukatana kauli, na ili maana isipotee mistari iliandikwa ikiwa na maneno yasiyo ya lazima mwanzoni na mwishoni, na maneno yenye uzito katikati. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na ukanushi pale mbele kabisa. Msemaji wa pili akiingilia mapema, hatarudi husikika atarudi, na Hildy amekwisha kubali kile alichokikataa. Kwa hiyo mtafsiri hana budi kuweka mto mbele na mto nyuma: hebu, sikiliza, nakwambia, jamani, kisha bwana, basi, ati, sasa. "Nakwambia hatarudi, bwana." Lugha yetu ina hazina kubwa ya vijineno hivi, ambavyo walimu wa insha wamezoea kuvifuta kwa kalamu nyekundu. Hapa ndivyo vinavyobeba mzigo.

Wako waliokwisha kuijua kazi hii nje ya vyuo. Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, nchini Tanzania, na DJ Afro nchini Kenya, walijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha, sauti moja ikibeba wahusika wote. Kwa filamu ya ngumi njia hiyo yatosha. Kwa filamu hii, ambamo mwanamume na mwanamke wanagombana dakika tisini kwa Kiswahili kisichotaja jinsia, sauti moja itamlazimisha msimulizi ategemee yale yaliyoelezwa hapo juu: oa na olewa, bwana, Koech na Chepkoech. Kwa upande wa haki hakuna kizuizi kikubwa. Huko Marekani hakimiliki ya filamu haikuhuishwa ilipofika muda wake mwaka 1968, na mchezo wa 1928 nao ukawa mali ya umma huko mwaka 2024. Wanafunzi wa Kabianga au wa Bomet wangeweza kuifanya kuwa zoezi la muhula mmoja.

Mkwe atawatoa jasho. Louie, kijana wa kazi chafu wa Walter, anambeba mama yake Bruce begani na kumtoa chumbani. Marekani hicho ni kichekesho cha mama mzee aliyeinuliwa miguu juu. Mahali ambapo mkwe huheshimiwa kwa umbali, kicheko kitakuja na kelele za mshtuko, na mtafsiri asijaribu kukituliza. Amwite mamamkwe waziwazi, na aache ukumbi ufanye utakavyo.

Halafu kuna dakika za mwisho. Williams amepata msamaha wa gavana, meya na sherifu wameumbuka, Bruce amekwisha kwenda zake na mama yake. Walter na Hildy watakuwa mume na mke tena. Si kuoa, si kuolewa: Kiswahili husema watarudiana, kauli ya kutendana, ambayo kwayo kila mmoja anamtenda mwenzake kwa kipimo kimoja. Mtafsiri ataliandika neno hilo, kwa kuwa hakuna jingine. Kisha simu inaita. Fungate ya Niagara itabidi ipitie Albany, ambako kuna mgomo wa kuandikiwa habari. Walter anatangulia mlangoni akiongea, na Hildy anamfuata akihangaika na sanduku lake zito, ambalo Walter hajafikiria kumpokea.